Mashine Barazani: Nani Ataifunza Akili Unde Wahedi wa Sitini?

Na Mwandishi Wetu

*Kompyuta zimeshawashinda mabingwa wa sataranji, poka na bridge. Mchezo wa karata wa mwambao bado umo vichwani mwa wachezaji. Kwale ina nafasi ya kuufikisha kwenye mashine, na kazi ya kwanza inahitaji kalamu na daftari tu.*

Turufu ni kopa. Imebaki mizunguko mitatu na upande wenu una pointi 45. Mkononi mwako mna saba ya uru, sita ya uru na mbili ya kopa. Mwenzako ameanzisha kwa nne ya uru, na mpinzani anayemfuata ametupa tano ya uru. Zamu ni yako, na baada yako amebaki mpinzani mmoja tu. Ree ya uru, karata pekee ya uru inayoizidi saba, haijaonekana tangu karata zigawiwe.

Turufu yako haina kazi hapa, maana una uru na ni lazima ufuate uru. Ukitia saba, na ree iko kwa huyo wa mwisho, umempa pointi 21 kwa mkupuo mmoja. Ukitia sita, umeinusuru saba kwa sasa, lakini pengine umeacha pointi kumi ambazo zilikuwa zenu bila jasho.

Maswali ya namna hii ndiyo yanayowakalisha watu barazani kuanzia alasiri katika miji na vijiji vya mwambao, Kwale ikiwemo, kutoka Ukunda na Diani hadi Msambweni, Shimoni na Vanga. Msimu wa kusi, bahari inapochafuka na wavuvi wengi kushinda nchi kavu, muda wa kucheza huwa mwingi zaidi. Kahawa tungu inazunguka, kashata inakatwa, na watazamaji waliosimama nyuma ya wachezaji wanajua kwamba mdomo haufunguliwi.

Kwa kompyuta, swali la saba ya uru ni hesabu. Karata ambazo huzioni ni saba: mbili ziko kwa mwenzako, mbili kwa mpinzani aliyekwisha kutupa, tatu kwa yule wa mwisho. Karata hizo saba zinaweza kugawanyika kwa njia 210. Katika njia 90 ree ya uru iko kwa mpinzani wa mwisho, katika njia 60 iko kwa mwenzako, na katika njia 60 zilizobaki iko kwa yule aliyetupa tano. Simu ya kawaida inamaliza hesabu hiyo kabla mtu hajapepesa jicho. Uwezekano wa saba yako kuliwa na ree mara hii ni asilimia 43 hivi.

Mzee aliyecheza na mwenza mmoja kwa miaka mingi hafiki kwenye njia 210, lakini ana jambo ambalo kompyuta haina. Anamjua mwenzake. Anajua kwamba mtu huyo akishika ree haanzishi kwa karata ndogo ya aina hiyo. Basi zile njia 60 za ree kuwa kwa mwenza zinafutika. Zinabaki 150, na katika 90 kati ya hizo ree inamngoja aliye mwisho. Uwezekano umepanda hadi asilimia 60, na saba inabaki mkononi.

Mashine inahesabu karata ambazo hazionekani. Mchezaji wa barazani anahesabu pia tabia ya aliyeketi mbele yake.

Pengo hilo, kati ya asilimia 43 na asilimia 60, ndilo linaloamua kama akili unde inaweza kufunzwa mchezo huu kwa namna ambayo watu wa Kwale wenyewe wataitambua kuwa ni karata zao.

Karata 40, pointi 120

Mchezo wenyewe ni wahedi wa sitini. Jina ni la Kiarabu na maana yake ni sitini na moja, idadi ya pointi zinazotosha kushinda. Ila karata zilikuja na Wareno. Vasco da Gama alifika Mombasa Aprili 1498, Ngome ya Yesu ikaanza kujengwa mwaka 1593, na Desemba 1698 Wareno wakatimuliwa humo na Waomani. Walichoacha ni pamoja na karata, turufu na aina zote nne: kopa, uru, shupaza na pao. Mreno anayecheza *bisca* au *sueca* leo atazitambua zote kwa masikio.

Pointi nazo zinalingana. Ree ina 11, saba ina 10. Mfalme ana nne, ghulamu tatu, bibi mbili, na ndiyo maana wazee huwaita mzungu wa nne, mzungu wa tatu na mzungu wa pili. Karata nyingine hazina kitu. Kila aina ina pointi 30, jumla 120, hivyo mwenye 61 amevuka nusu na mabishano yamekwisha.

Katika namna ya watu wanne iliyo karibu zaidi na asili ya Kireno, nane, tisa na kumi huondolewa, zinabaki karata 40, kila mmoja anapata kumi, na wanaokaa mkabala ni wenza. Lakini kuna wanaocheza wawili. Kuna wanaogawa karata chache na kuokota nyingine kadiri mchezo unavyoendelea. Kuna wanaolazimisha kufuata aina na kuna wasiolazimisha. Mtu anayehama baraza huuliza kwanza wanachezaje hapo.

Vijana wengi wa Kenya siku hizi wanajua zaidi ule mchezo wa kumaliza karata mkononi, ambapo mtu hutangaza "niko kadi" kabla ya kutupa ya mwisho. Ni mchezo wa kasi na furaha, lakini hauna wenza, hauna turufu, wala haumlazimishi mchezaji kukumbuka kilichopita mizunguko sita nyuma. Wahedi wa sitini unalazimisha. Asiyekumbuka kwamba mzungu wa nne wa pao ameshapita, atacheza kana kwamba bado yupo, na mwenzake atalipa.

Kutoka sataranji hadi karata

Safari ya kompyuta katika michezo ilianzia mahali ambapo hakuna kinachofichwa. Mei 1997 kompyuta ya IBM iitwayo Deep Blue ilimshinda bingwa wa dunia wa sataranji, Garry Kasparov, kwa 3½ dhidi ya 2½. Machi 2016, mjini Seoul, programu ya AlphaGo ilimfunga Lee Sedol michezo minne kwa mmoja katika Go. Mwaka uliofuata ikaja AlphaGo Zero, iliyojifunza bila kuonyeshwa hata mchezo mmoja wa binadamu. Ilipewa kanuni tu, ikacheza na nafsi yake.

Sataranji na Go vina jambo moja: vipande vyote viko mezani. Karata ni habari nyingine. Nusu ya ukweli imefichwa mikononi mwa watu, na ndiyo sababu watafiti walichukua muda mrefu zaidi.

Poka ilianguka kwanza. Januari 2017, huko Pittsburgh, Marekani, programu ya Libratus iliyoundwa na Tuomas Sandholm na Noam Brown wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon iliwashinda wachezaji wanne wa kulipwa baada ya mikono 120,000 iliyochezwa kwa siku 20. Miaka miwili baadaye Pluribus, kazi ya watu hao hao, ikashinda kwenye meza ya watu sita.

Michezo ya kula mizunguko, ambayo ndiyo familia ya wahedi wa sitini, ilikwenda njia yake. Bridge ndiyo iliyochimbwa zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Matthew Ginsberg aliunda GIB, programu iliyokuwa ikijiuliza swali moja tena na tena: karata zisizoonekana zikigawanywa hivi, je, nitupe ipi? Kisha inazigawa upya kwa namna nyingine, inajiuliza tena, na mwishowe inachagua karata iliyofaulu mara nyingi. Machi 2022 kampuni ya Kifaransa ya NukkAI iliipeleka programu yake, NooK, mbele ya mabingwa wanane wa dunia mjini Paris. NooK ilishinda seti 67 kati ya 80.

Ushindi huo uliandikwa duniani kote, lakini sharti moja lilipitwa haraka. NooK haikushiriki mnada, ile sehemu ya bridge ambamo wenza hupashana habari kwa kauli zilizopangwa. Walichopimwa nacho ni uchezaji wa karata tu, na kila upande ukikabiliana na wapinzani wa kompyuta. Sehemu ya wenza kuelewana iliachwa nje.

Ndugu wa karibu kabisa wa wahedi wa sitini katika maabara ni *Skat*, mchezo wa Wajerumani. Una pointi 120. Anayecheza peke yake anahitaji 61. Ree ni 11, mfalme ni nne. Mwaka 2009 Michael Buro na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walieleza programu yao ya Kermit, iliyocheza *Skat* kwa kiwango cha wataalamu, na nguvu yake moja ilikuwa kukisia karata za wengine kutokana na walivyokwisha kucheza. Kwa maneno mengine, hesabu ya mwambao imeshafanyiwa kazi kwa kina, ila kwa jina la Kijerumani.

Njia trilioni tano na nusu

Karata 40 zinapogawiwa na umeziona kumi zako tu, zile 30 zilizobaki zinaweza kuwa mikononi mwa wengine watatu kwa njia 5,550,996,791,340. Hakuna mtu wala mashine anayezipitia zote moja baada ya nyingine mezani. Lakini idadi hiyo inaporomoka kwa kasi. Ikibaki mizunguko mitano na zamu ya kuanza ikiwa yako, njia ni 756,756. Ikibaki mitatu, 1,680. Hapo mashine haikisii tena. Inazipitia zote.

Ndiyo maana kuifunza kompyuta mwisho wa mchezo ni kazi rahisi na kuifunza mwanzo ni kazi ngumu. Mwanzoni hutumiwa sampuli: programu inabuni migao mia kadhaa inayokubaliana na kilichokwisha kuonekana, inacheza kila mgao hadi mwisho kana kwamba karata zote ziko wazi, kisha inajumlisha. Kama mpinzani alishindwa kufuata pao, migao yote inayompa pao inatupwa.

Njia hiyo ina dosari ambayo Ian Frank na David Basin waliieleza mwaka 1998 kwa mifano ya bridge. Programu inajidanganya. Kwa kuwa katika kila mgao wa kubuni inaona kila kitu, inadhani kwamba huko mbele itajua pia ree iko wapi, kwa hiyo haioni haja ya kucheza kwa hadhari sasa hivi wala ya kutupa karata ya kupeleleza. Mchezaji mzuri wa barazani hutupa karata ya kupeleleza mapema, tena kwa makusudi, kwa sababu anajua kwamba hajui.

Dawa iliyofuata ni kucheza na nafsi. Programu nne zinaketi, zinagawiwa karata, zinacheza mamilioni ya michezo, na mtandao wa neva bandia unarekebishwa kidogo kidogo kuelekea maamuzi yaliyoleta pointi. Hakuna anayeieleza kwamba ree ina thamani. Inagundua yenyewe.

Na gharama? Hapa ndipo wengi hukata tamaa bure. Libratus ilihitaji kompyuta kubwa ya utafiti. Pluribus, iliyokuja baadaye, ilipika mkakati wake kwa siku nane kwenye seva moja yenye viini 64, na waundaji wake wakakadiria kwamba kukodi nguvu hiyo kungegharimu chini ya dola 150, yaani kiasi cha shilingi 20,000 za Kenya. Wahedi wa sitini ni mchezo mdogo kuliko poka ya watu sita. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya mkononi na ujuzi wa kuandika programu anaweza kuuanza mwezi huu.

Programu iliyoshindwa kuketi na wageni

Ikiwa mashine inaweza kujifunza yenyewe, baraza la Msambweni linahitajika kwa nini?

Jibu limo katika mchezo mwingine wa karata, *Hanabi*, ambao wachezaji wote ni upande mmoja na kila mtu anaona karata za wenzake isipokuwa zake. Mwaka 2019 watafiti wa DeepMind na Google Brain waliupendekeza kama mtihani wa ushirikiano kwa akili unde. Programu zilizojifunza kwa kucheza zenyewe zilipata alama za juu zilipoketi na nakala zao. Zilipoketi na programu zilizofunzwa kwingine, ziliboronga vibaya. Zilikuwa zimejijengea ishara zao za ndani, zisizoeleweka na mtu mwingine yeyote.

Mashine iliyojifunza peke yake inakuwa bingwa wa lugha inayoisema peke yake.

Mfano wa kinyume ulikuja mwaka 2022. Kampuni ya Meta ilitangaza Cicero, programu ya mchezo wa *Diplomacy* ambamo watu hufanya mapatano na kuyavunja. Cicero ilifunzwa kwa kumbukumbu za michezo ya binadamu pamoja na kucheza na nafsi. Katika michezo 40 dhidi ya watu, ilikuwa miongoni mwa asilimia kumi ya juu ya waliocheza zaidi ya mara moja. Kumbukumbu za binadamu ndizo zilizoizuia isibuni tabia ambazo hakuna mtu angezielewa.

Basi mtu akiandika leo programu ya wahedi wa sitini bila kuwasikiliza wachezaji, atapata mpinzani hodari na mwenza mbovu. Itaanzisha karata ndogo chini ya ree kwa sababu zake yenyewe. Itamwacha mwenzake azame ili wastani wake wa michezo milioni uwe mzuri. Mzee atacheza nayo mara mbili, kisha ataizima. Hasara haitakuwa kubwa kwake, ila kijana anayejifunza kutoka kwenye programu hiyo atadhani ndivyo mchezo wa mwambao ulivyo.

Bao lilitangulia

Afrika Mashariki imekwisha kuona mchezo wake ukichunguzwa kwa namna hii. Katika miaka ya 1990 Mholanzi Alex de Voogt alikaa na mabingwa wa bao Zanzibar akichunguza namna wanavyofikiri na kukumbuka, na mwaka 1995 akatoa tasnifu juu ya umahiri wao. Baadaye Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk wa Maastricht waliliingiza bao kwenye kompyuta. Mashimo yake 32 na kete 64 viliwapa kazi, hasa kwa sababu zamu moja inaweza kuzunguka ubao mara nyingi kabla kete ya mwisho kulala.

Jamaa yake wa Afrika Magharibi, *awari*, alimalizwa kabisa mwaka 2002. John Romein na Henri Bal wa Amsterdam walipitia hali zaidi ya bilioni 889 na kuthibitisha kwamba pande zote mbili zikicheza bila kosa, mchezo unakwisha sare. Mkusanyiko wa michezo wa OpenSpiel, uliotolewa na DeepMind mwaka 2019 ili watafiti wajaribie programu zao, una *oware* (ndiyo *awari* hiyo hiyo), una bridge, una *Skat*, una *Hearts*. Karata za Waswahili hazimo.

Tofauti inayopaswa kuangaliwa ni hii: utafiti wa bao ulianza kwa mtu kuketi na mabingwa. Kanuni ziliandikwa kwanza, tena kwa uangalifu, na hoja za wachezaji zikasikilizwa. Kompyuta ilifuata baadaye. Karata, pengine kwa sababu zilihesabiwa kuwa mchezo wa kupotezea muda tu, hazikupata heshima hiyo.

Hofu zisizo za bure

Katika kaunti ambayo wakazi wengi ni Waislamu, pingamizi la kwanza linajulikana. Surat al-Maida, aya ya 90, inakataza kamari waziwazi, na wako walimu wa dini wasiopenda karata hata zisipowekewa fedha, wakiona zinafungua mlango. Hoja hiyo haistahili kupuuzwa. Kila aliyepita stendi ya magari nchini anajua pata potea, zile karata tatu zinazochezeshwa chini ili kumnyang'anya msafiri nauli yake. Kwenye simu hali ni nzito zaidi. Bunge lilipitisha Sheria ya Kudhibiti Kamari mwaka 2025 kuchukua nafasi ya ile ya 1966, iliyotungwa wakati ambapo mtu alilazimika kutoka nyumbani ili apoteze fedha zake.

Akili unde inazidisha hatari hiyo kwa njia ambayo wengi hawajaiwaza. Programu inayocheza vizuri ikiingizwa kisirisiri kwenye meza ya fedha mtandaoni, binadamu waliobaki ni mawindo. Wenye tovuti za poka wamekuwa wakipambana na roboti za aina hiyo kwa miaka. Mchezo wa barazani ukipelekwa simuni bila ulinzi, hautachukua muda kabla mtu hajauwekea dau.

Hofu ya pili inahusu kuchukuliwa. Wakenya hawajasahau mwaka 2023, watu walipopanga foleni kupigwa picha za mboni na mradi wa Worldcoin kwa ahadi ya sarafu za kidijitali, hadi serikali ikasimamisha shughuli hiyo mwezi Agosti. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data hizo zifutwe. Mtu akija Msambweni na kamera kurekodi wazee wakicheza, anastahili kuulizwa: rekodi hizo zinakwenda wapi, na nani atauza nini? Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamlazimu apate idhini, na idhini ya kikombe cha kahawa haitoshi.

Upande wa pili wapo wanaosema mchezo usipoingia simuni utakufa, na wana sababu. Kijana wa Diani anayetoka kazini hotelini saa nne usiku hapati baraza. Mwenye boda boda anayesubiri abiria Ukunda ana dakika kumi na simu. Wote wawili wanaweza kucheza sataranji au drafti na mashine sasa hivi. Kwa wahedi wa sitini hawana mahali pa kujifunzia bila kuaibishwa mbele ya watu.

Wapo pia wanaouliza kama kuna chochote cha kulinda, kwa kuwa karata zenyewe ni za Wareno. Hoja hii ni dhaifu. Sataranji haikuzaliwa Urusi, na hakuna anayewanyima Warusi sifa ya namna walivyoicheza. Kilichojengwa mwambaoni kwa miaka mia kadhaa ni uchezaji: kanuni za kila baraza, adabu ya kukaa, majina ya karata, namna ya kumwambia mwenza jambo kwa karata bila kufungua mdomo. Hiyo ndiyo mali, na ndiyo inayopotea mzee anapozikwa.

Kazi iliyo mbele ya Kwale

Kenya ilizindua Mkakati wa Kitaifa wa Akili Unde wa 2025 hadi 2030 mwezi Machi 2025. Mipango ya aina hii huzungumza juu ya afya, kilimo na elimu, na ni sawa. Lakini vijana hujifunza ufundi kwa kitu wanachokipenda, na watafiti wakubwa walichagua michezo kwa sababu hiyo hiyo: kanuni ni chache, matokeo yanapimika, makosa hayamwumizi mtu.

Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kina kampasi Kwale. Wanafunzi wake wakitembea mabaraza kumi tu, wakaandika kanuni za kila moja zilivyo bila kuzisawazisha, tayari watakuwa na kitu ambacho maabara za Alberta na Paris hazina. Wakiongeza kumbukumbu za michezo mia chache, nani alitupa nini na kwa mpangilio gani, kwa ridhaa ya wachezaji na bila majina yao, watakuwa na mahali pa kupimia kama mashine yao inaelewana na mwenza wa Kiswahili. Karatasi na kalamu zinatosha kwa hatua hiyo. Kamera si lazima.

Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Kitamaduni ya 2016 imezipa kaunti jukumu la usajili wa awali wa mali za aina hii. Kama michezo ya karata inaingia humo ni jambo ambalo mawakili wanaweza kubishania, na litabishaniwa vizuri zaidi kukiwa na maandishi mezani. Programu itakayozaliwa itolewe bure, isiruhusiwe kwenye meza za fedha, na itaje mabaraza yaliyoifunza.

Idara ya utamaduni ya Kaunti ya Kwale, chuo na wazee wa mabaraza wana kila kinachohitajika kuanza, na hakuna kati yao anayehitaji ruhusa kutoka nje. Wanaozijua kanuni za zamani wanazidi kupungua kila mwaka. Ziandikwe sasa, wao wakiwa bado wanaketi mezani na wanaweza kumsahihisha mwandishi.